Sauti ya Nyuma ya Kamera

Hesselby, 3 Machi 2013

Mwanyumba wangu Ejnar,

Salamu zikufikie huko Svendborg kwenye hicho kifleti chako. Sisi wazima. Asta wangu goti linamsumbua kidogo, mimi kama kawaida yangu, mwaka wa sabini na nne huu na bado napanda paa mwenyewe.

Nakuandikia kwa sababu simu siiwezi. Unajua sikio langu la kulia lilikufa kwa trekta, na la kushoto linasikia linachotaka. Kuandika nako si kazi yangu, nilisoma majira saba ya baridi tu, mengine nikasomeshwa na nguruwe. Lakini mtu aliyefungua injini ya trekta akaifunga tena isibaki skrubu hata moja, hawezi kushindwa na kalamu.

Neno lenyewe ni hili. Kresten jirani atakuletea kompyuta yangu Jumamosi kwa gari lake, nimeifunga kwa blanketi la farasi. Imezeeka. Mimi nasema imezeeka, yule mama wa dukani Rudkøbing alisema imekufa, nikamwambia, "Mama, hata mimi wameshasema hivyo." Nimenunua programu mpya ya kukatia na kuungia filamu, iko kwenye sanduku zuri sana, lakini nikiiingiza mashine inanguruma, inasimama, halafu inaniandikia kwamba haitoshi. Haitoshi nini, haisemi. Wewe umetengeneza redio na televisheni za kijiji hiki maisha yako yote, na kamera yangu ya kwanza uliniuzia wewe. Juu ya hayo tumeoa mtu na dada yake. Kwa hiyo huna pa kukimbilia.

Unajua ninachotaka. Agosti ukumbi wetu wa kijiji unatimiza miaka mia. Nani ana picha za ukumbi ule? Mimi. Nani alisimama kwenye theluji ile ya mwaka themanini na saba, wengine wamejifungia ndani na kahawa? Mimi. Kila tao la matawi kwenye harusi ya fedha, ile ya miaka ishirini na mitano, kila mtoto aliyelipiga pipa siku ya Fastelavn kabla ya Kwaresima, kila jeneza lililotoka kanisani. Natoa filamu moja kubwa, ya muda wa saa tatu na nusu hivi, na sauti yangu humo nikieleza kila kitu palepale nilipokuwa napiga, maana mimi si kama hawa wanaopiga picha kimya kama wezi wa kuku. Ikioneshwa, watu watalia. Baada ya hapo nikifa, na nife.

Itengeneze basi iiweze hiyo programu. Na usinitilie mapambo.

Mimi,
Thorvald Kragh


Svendborg, 12 Machi 2013

Kaka Thorvald,

Mashine imefika salama, na blanketi, na harufu ya farasi aliyekufa zamani. Nimeifungua. Vumbi la ndani lingetosha kupandia viazi.

Iko hivi. Hiyo programu yako ni kama mgeni mnene, inataka kiti kikubwa. Kumbukumbu ya mashine ni ndogo mno, lazima nitie nyingine kubwa zaidi. Kadi ya picha haifai, na nikiweka mpya, pawa saplai uliyo nayo, kile kisanduku cha kuingizia umeme, haitaibeba. Utakuwa unaanza kazi, mashine inazimika. Diski imejaa mpaka mlangoni, nitaongeza ya pili. Halafu mfumo wote niuweke upya, kwa sababu programu za siku hizi hazikubali kuketi juu ya mfumo wa zamani. Ubao mkuu nadhani utavumilia. Kadi yenyewe nitaiagiza Ujerumani, hapa haziuzwi tena zinazoingia kwenye ubao wa aina hii.

Nikuulize. Kanda zako zote umeshazihamishia humo ndani? Hata zile za zamani? Ya mwaka 1991 imo?

Msalimie Asta. Hapa kimya. Nimejifunza kumenya viazi vya mtu mmoja, ingawa siku nyingine nashtukia nimemenya vya wawili.

Wako,
Ejnar Bisgaard


Hesselby, 20 Machi 2013

Ejnar,

Zimo zote! Unadhani nilikuwa nafanya nini tangu majira ya baridi yaanze? Nilikaa na kanda moja baada ya nyingine, inacheza huku inaingia kule, Asta ananiletea supu palepale. Ya mwaka 1991 imo, itakosaje. Harusi yako ya fedha na marehemu Inge-Lise, asubuhi na mapema, sisi sote nje ya mlango wako tukiimba, tao la misonobari niliyoikata mimi kwa mkono wangu. Picha safi mpaka unaona umande. Siku ile ndiyo nilikuwa na kamera mpya, nimeieleza vizuri sana humo.

Kuhusu pawa saplai nakataa. Hiyo imebeba miaka tisa bila kulalamika. Nyinyi mafundi mkiona kitu kimechoka mnasema kitupwe. Mimi ningekuwa fundi wa namna yako, Asta asingefika leo. (Nimemsomea sentensi hii, amenipiga kwa kitambaa cha vyombo.)

Haya, weka. Lakini ya zamani unirudishie, nitaifanyia kitu.

Yule Merete wa kutoka Kopenhagen, mwenyekiti mpya wa kamati ya ukumbi, alinisimamisha barabarani. "Thorvald, filamu yako itakuwa ya muda gani?" Nikamwambia. Akasema, "Ahaa." Hivyo tu, "ahaa." Watu wa Kopenhagen wakifurahi hawajui kusema.

Thorvald


Svendborg, 6 Mei 2013

Kaka Thorvald,

Samahani kwa kimya. Kadi ya Ujerumani bado haijafika. Walituma nyingine isiyo yake, nimeirudisha. Sasa kuna sikukuu huko kwao, kila kitu kimesimama.

Usihangaike. Nikiwa tayari nitakwambia.

Ejnar


Hesselby, 2 Juni 2013

Ejnar, Ejnar, Ejnar,

Mimi si mtoto.

Kwanza kadi haijafika. Halafu imefika si yenyewe. Halafu Wajerumani wana sikukuu. Mwezi wa tatu sasa! Wajerumani hawa ninaowajua mimi, hata kwenye sikukuu wanafanya kazi kwa siri.

Pili, Asta. Nikiingia jikoni, simu inawekwa chini. "Nani huyo?" "Si mtu." Tangu lini si mtu anaongea dakika ishirini?

Tatu, Kresten. Nilimuuliza alikuwa na shughuli gani Svendborg Alhamisi, akasema alikwenda kununua viatu. Nikamtazama miguuni. Viatu ni vile vile.

Nne, Merete ananichekea.

Nimekaa kwenye benchi mbele ya nyumba nikaziunga hizi moja kwa moja kama filamu, na ghafla nikaona yote. Septemba tarehe kumi na nne, mimi na Asta tunatimiza miaka hamsini. Harusi ya dhahabu! Tao, nyimbo, tarumbeta, hayo ni ya kila mtu. Lakini mimi ni Thorvald, mimi mnanifanyia la zaidi. Mnaikata filamu yangu kubwa nyinyi wenyewe, mnioneshe siku ile. Ndiyo maana mashine haitoki kwako. Sema si kweli!

Basi, usiseme. Mila naijua kuliko wewe. Wenye harusi hawajui kitu mpaka wasikie wimbo nje ya dirisha. Unakumbuka yetu ya fedha, mwaka themanini na nane? Asta alinunua nguo mpya ya kulalia wiki nzima kabla, akajipaka poda saa kumi na moja, akalala tena juu ya shuka kama maiti wa kifalme, mlipoimba akafungua mlango akasema, "Jamani! Mmetutoa kitandani!" Na mimi nimeshanyoa ndevu. Nyote mlijua. Hakuna aliyecheka. Huo ndio ustaarabu wetu, mwenye kudanganya anadanganya kwa mapenzi, na mwenye kudanganywa anashika adabu yake.

Kwa hiyo nimekaa kimya kama kaburi. Wewe endelea na Wajerumani wako. Kwenye sherehe ya ukumbi nitasimama niongee kwa mdomo tu, filamu itangoja siku yake. Nimeshajinunulia suti ya kulalia, bluu, ina mfuko.

Bwana arusi,
Thorvald


Hesselby, 9 Juni 2013

Shemeji yangu Ejnar,

Naandika nikiwa chumba cha kufulia, huku Thorvald hatii mguu.

Amekuandikia, najua, aliandika huku anapiga mluzi. Anadhani ni kwa ajili ya harusi yetu. Amenunua suti ya kulalia. Anafanya mazoezi ya kushangaa mbele ya kioo, nimemsikia: "Jamani! Filamu!" Nilitoka nje nikakaa bandani.

Nilipowakubalia akina Merete niliona ni jambo dogo. Walisema watu hawawezi tena kukaa kitako usiku mzima, wanataka dakika ishirini, fupi, nzuri, ionekane kwenye sherehe ya ukumbi. Wakasema Thorvald akiambiwa apunguze ataongeza. Hilo ni kweli. Nikasema basi, muulizeni Ejnar, mashine iko kwake na kanda zimo. Nilidhani atakasirika jioni moja, halafu atajisifu kwamba picha ni zake. Sasa nimeona atakavyoumia, na sijui niseme nini wala lini. Kila nikifungua mdomo ananikonyeza.

Na lile jingine, umefika wapi? Mashine ni nzima tangu Aprili, ulisema ikipona utampata Inge-Lise humo kwenye kanda. Dada yangu ana miaka mitano kaburini, na mimi sauti yake imeanza kunipotea. Naikumbuka akikohoa tu. Ukimsikia, hata neno moja, nipigie saa ya habari za redio, hapo Thorvald anakuwa ameliziba sikio lake zima kwa redio yenyewe.

Wako,
Asta


Svendborg, 30 Julai 2013

Kaka Thorvald,

Kadi imefika. Sasa feni ndiyo inasumbua, inapiga kelele, na mashine inapata joto. Nakuomba subira.

Sherehe ya ukumbi sitakuja. Tumbo langu si zuri siku hizi.

Ejnar


Hesselby, 8 Agosti 2013

Mwanyumba,

Feni! Hiyo nimeipenda. Imenifurahisha kuliko Wajerumani.

Lakini tumbo nalo? Kijiji kinatimiza miaka mia ya ukumbi wewe unaumwa tumbo? Ukumbi ule ndimo ulimocheza na Inge-Lise mara ya kwanza, na mimi ndiye niliyekusukuma uende ukamwombe, ulikuwa umesimama ukutani kama ufagio. Njoo. Kuna nyama ya nguruwe na mchuzi wa majani ya parsli na viazi vipya, tumbo gani linakataa hayo?

Au tumbo ni sehemu ya siri? Haya, haya. Siulizi.

Thorvald


Hesselby, 26 Agosti 2013

Ejnar Bisgaard,

Sikusalimu.

Tulikula. Nikasimama, nikaongea, nikafika mwaka 1946 tu, Merete akagonga glasi. "Asante sana, Thorvald, asante. Sasa wapendwa, tuna jambo dogo la kuwashangaza." Nikamwambia Kresten sikioni, "Keki imeungua." Akacheka vibaya, kama mtu aliyekalia mayai.

Taa zikazimwa. Pazia la kuoneshea filamu likashuka. Na mimi mjinga nikaanza kutabasamu! Nikasema moyoni, wameshindwa kungoja Septemba, wameileta leo. Nikaweka uso tayari kwa kushangaa.

Ikaja theluji. Theluji yangu! Nikasema kwa sauti, "Hiyo yangu hiyo!" Mtu nyuma yangu akasema, "Shh, Thorvald." Naambiwa shh ndani ya filamu yangu.

Nikangoja sauti. Pale kwenye theluji nilisema, nakumbuka kila neno, "Tazameni, Hesselby yote imezikwa na mwanamume mmoja tu ndiye amesimama." Haikuja. Ukaja muziki wa kodiani. Nikasema, labda mwanzo tu. Akaja Bodil wa duka la mikate, Mungu amrehemu, anafungua mdomo, kodiani. Mzee Rasmus anashika ng'ombe wake wa tuzo, pale nilieleza kwamba yule ng'ombe alizaliwa kwa fahali wangu, kodiani. Marehemu wote wa kijiji hiki wanapita wanafungua na kufunga mdomo kama samaki kwenye ndoo, na mimi siko. Miaka thelathini nilikuwa hapo. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya kioo cha kamera, na hakuna aliyewahi kuniona, kwa sababu anayepiga haonekani. Sauti tu ndiyo iliyobaki yangu. Hiyo ndiyo mliyoitoa.

Ikaisha. Dakika ishirini! Hata nguruwe kumchinja vizuri inachukua zaidi. Yakaja maandishi. "Imekatwa na kuungwa na Ejnar Bisgaard." Peke yake, katikati, makubwa. Halafu shukrani, majina mengi pamoja, nikajitafuta. Nilikuwa kati ya duka lililotoa soseji na mtu aliyeazima viti.

Wakapiga makofi. Walisimama, Ejnar! Wengine walilia. Nilikwambia Machi kwamba watalia, na walilia kweli. Merete akaja na macho mekundu, akanishika mkono. "Si imependeza, Thorvald? Na wewe umefurahi?" Nikamwambia, "Feni imepona?" Hakunielewa.

Nilitembea na Asta mpaka nyumbani. Nikamuuliza, "Ulijua?"

"Nilijua itakuwa fupi."

"Na sauti?"

"Sauti sikujua. Nakuapia, baba, la sauti sikuliona mpaka pale pale."

"Na mashine?"

Akaanza kutafuta ufunguo kwenye mkoba.

"Asta, mashine."

"Nzima tangu Aprili."

Miaka hamsini nimelala na mwanamke huyu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, mimi changu kilikuwa mpaka kwenye suti ya kulalia. Nimeirudisha dukani.

Kresten nimemwelewa, ni mwoga. Merete ni mgeni, hajui kitu. Wewe ndiye sikuelewi. Uliandika kwa mkono wako, Wajerumani, sikukuu, feni, tumbo. Na mimi nilipokuandikia kwamba nimeelewa siri yenu, nikafurahi mbele yako kama mtoto, ukaniacha nifurahi.

Nirudishie mashine. Lakini iwe mgonjwa kama nilivyoileta. Toa kumbukumbu zako, toa kadi, toa pawa saplai, nirudishie ile ya zamani. Sitaki afya yako ndani ya nyumba yangu.

Na tarehe kumi na nne asije mtu. Napeleka tangazo gazetini, hatutaki tao, hatutaki wimbo, hatutaki tarumbeta. Wakija nitawafungulia bomba la maji.

T. Kragh


Svendborg, 1 Septemba 2013

Kaka Thorvald,

Kresten ataileta mashine kesho. Sikutoa kitu ndani. Ukitaka kuiua, iue kwa mkono wako.

Akina Merete waliomba filamu fupi. La sauti hawakuliomba. Hilo ni langu peke yangu, na Asta hakulijua. Nakwambia ili usimlaumu kwa lisilo lake.

Mashine ilipopona, kitu cha kwanza nilichofungua kwenye hiyo programu mpya ni kanda ya 1991. Si kwa ajili ya kamati. Unakumbuka Inge-Lise alitoka mlangoni na gauni la kulalia, mmeshamaliza ubeti wa mwisho. Anacheka. Anaweka mkono kwenye tao. Halafu anageuka, anatazama kamera, anasema kitu. Si neno moja, ni maneno, midomo inakwenda na uso unabadilika. Mimi nilikuwa nimempa mgongo, namshukuru mpiga tarumbeta. Sikuyasikia siku ile, na sikumuuliza, kwa sababu kulikuwa na kahawa ya kumimina na tulikuwa na miaka yote mbele yetu.

Kwenye kanda midomo ni yake na sauti ni yako. Unasema: "Kamera hii ina lenzi ya Kijapani, hakuna nyingine kama hii kisiwani kwetu, hata mchungaji ameiomba nimekataa." Mpaka amemaliza. Halafu unanyamaza, na yeye ameshageuka.

Nilijaribu kila nilichokijua. Nilipunguza sauti nene nikaacha nyembamba, nikageuza, nikachuja tena na tena. Programu ile ina vyombo ambavyo hata studio hazikuwa navyo nilipoanza kazi, ndiyo maana nilishindwa kukurudishia mashine. Kila asubuhi nilisema leo. Lakini sauti zenu ziko kwenye mstari mmoja, kama maziwa kwenye kahawa. Nikikutoa wewe, na yeye anatoka.

Hapo nikaanza kusikiliza kanda nyingine. Thorvald, hakuna mtu aliyemaliza sentensi. Bodil anaanza, wewe unaingia. Rasmus anamwita ng'ombe wake, wewe unaingia. Mpaka kwenye mazishi ya mama yako, mchungaji anasoma na wewe unatueleza mwanga ulivyo mgumu. Kijiji kizima kimekufa chini ya sauti yako. Siku ya mwisho nilishika ule mstari wa sauti, kanda zote, nikaufuta kwa hasira, nikaweka kodiani. Sikufikiri kwamba ni wewe ninayekufuta. Nilikuwa nafikiri yeye tu.

Nilikudanganya miezi mitano, na uliponiandikia kuhusu harusi ya dhahabu nilipaswa kupanda basi siku ile ile. Niliona aibu, aibu ikawa uvivu. Sina zaidi.

Ejnar


Hesselby, 15 Septemba 2013

Ejnar,

Mashine ilifika. Nimeiwasha. Inafanya kazi vizuri, haingurumi, programu inafunguka kabla sijakaa. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nakusifu.

Jana ilikuwa tarehe kumi na nne. Wiki nzima nilinunua gazeti nitafute tangazo langu, silioni. Nikamuuliza Asta. Akasema, "Niliwapigia wasilitoe. Miaka hamsini ile nusu ni yangu, Thorvald. Kwenye nusu yako unaweza kulala." Nikasema sawa, nitalala.

Asubuhi nikasikia gari, nikasikia matawi yanaburutwa, Kresten anaangusha ngazi na kutukana. Mtu mzima hajui kusimamisha tao bila kuamsha kaburi. Asta amelala juu ya shuka na poda yake. Nikaamka. Sikuvaa suti yoyote, nilivaa suruali ya kazi. Bomba la maji liko karibu na mlango, nililitazama.

Lakini niliichukua kamera.

Wakaanza kuimba. Asta akafungua mlango, akasema, "Jamani! Mmetutoa kitandani!" kama ilivyo adabu. Na mimi nikatoka nyuma yake, kamera iko jichoni, nikawapiga wote. Merete anaimba anatazama chini. Kresten na jani la msonobari kwenye nywele. Mpiga tarumbeta ni yule yule wa kwako, meno hana tena, noti za juu anaziruka. Nilipita uso kwa uso, polepole, na sikusema neno. Neno hata moja! Unajua kazi hiyo ilivyo? Koo lilikuwa linaruka kama chura ndani ya gunia. Wao wananingoja niseme, wamezoea, wakaona sisemi, wakaacha kucheka mmoja mmoja. Mpaka ndege unawasikia humo. Kresten akasema, "Anaumwa?"

Halafu Asta akageuka. Akasimama pale chini ya tao, akatazama kamera, akasema, "Sema kitu basi, Thorvald."

Sikusema. Nikazima.

Kanda yenyewe nimeifunga pamoja na barua hii. Dakika tisa, hata kamati itaridhika. Tafuta cha kukata.

Usidhani nimekusamehe. Umenidanganya kwa barua, kwa mwandiko mzuri, wewe uliyesoma, na ukanikata mbele ya kijiji nikiwa nimevaa tai. Kanda ni zangu, theluji ni yangu, na lenzi ile ilikuwa ya Kijapani kweli. Ningeongea kidogo siku ile? Sijui. Mimi ndiye niliyebeba kamera, na mwenye kubeba husema.

Lakini kuna jambo, nyinyi wawili na mashine yenu yenye afya, miezi mitano mnachuja maziwa kwenye kahawa, hamkulifikiria hata mara moja. Trekta iliniua sikio mwaka 1994. Mwaka 1991 nilikuwa na masikio mawili mazima. Nilikuwa nimesimama hatua moja tu kutoka kwa Inge-Lise, na hakuwa anaiambia kamera, kamera haiambiwi kitu. Alikuwa ananiambia mimi. Mtu anaweza kuongea na kusikia kwa wakati mmoja, muulizeni mwanamke yeyote. Alichosema nilikisikia na ninacho mpaka leo, na kinakuhusu wewe. Hamkuniuliza. Mliiuliza kompyuta.

Asta nimemwambia hilo jana jioni, baada ya wageni kuondoka, amekaa kwenye ukingo wa kitanda na poda imemtoka, akaungama kwamba naye alikuwa anaitafuta sauti ya dada yake, akaniuliza maneno yenyewe. Nimemkatalia. Nimesema nitasema mara moja tu, mkiwa mmekaa wote wawili.

Siwezi kukiandika. Alikisema kwa kucheka, halafu katikati akaacha kucheka, na mimi kwa kalamu hilo siliwezi, nilisoma majira saba tu. Nalijua kwa mdomo. Basi la Jumapili linafika kabla ya chakula cha mchana. Utaingia, utavua viatu, utakaa kwenye kiti kile cha dirishani. Nitaanza na theluji ya themanini na saba, nitapita kwa Bodil na ng'ombe wa Rasmus, na nikifika kwenye mlango wako mwaka ule nitakwambia.

Na wewe utanyamaza mpaka nimalize.

Thorvald